"Kilomita ngapi?" si swali la kutosha

UZI 🧵 Kila kampeni tunaahidiwa kilomita za lami. Mpinzani anajibu: "Zile za juzi zimeshaharibika na deni bado tunalipa!" Makofi. Lakini nani huuliza ni lami ya aina gani?

1/ Nikisafiri usiku barabara ya Mombasa, kuna mahali usukani huvutwa wenyewe. Gurudumu limeingia kwenye mfereji uliochimbwa na malori. Mvua ikinyesha, maji hutuama humo na gari huteleza. Hapo watu hufa.

2/ Shida iko wapi? Tabaka la juu ni kokoto na mchanga, karibu asilimia 95. Lami ndiyo gundi. Ile ya kawaida huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hivi, na jua kali laweza kupasha barabara hadi 60. Sasa leta lori zito linalopanda mlima polepole. Kokoto zinasukumwa kando, mfereji unaanza.

3/ Dawa moja ni kuchanganya lami na polima. Inayotumika sana ni SBS, aina ya mpira unaotengenezewa pia soli za viatu. Asilimia 3 hadi 6 ya uzito wa lami hufanya kama wavu ndani yake. Hailainiki haraka, na ikibonyezwa hujirudi.

4/ Ni ghali, kweli. Hutaka joto zaidi na kukorogwa vizuri, la sivyo polima hujitenga. Anayelalamika kuhusu bei ana haki. Ila alinganishe gharama ya miaka 15, si ya siku ya kukata utepe.

5/ Na si uchawi. Polima haitibu msingi mbovu wala mtaro ulioziba. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli ya magurudumu manne. Ikibeba 12, uharibifu huwa karibu mara mbili! Mizani ikipitwa kwa "chai", gundi gani itastahimili?

6/ Wala si ya kila mahali. Barabara ya kijijini ya bodaboda na probox haiihitaji. Ipelekwe penye joto, uzito na mwendo wa pole: milimani, makutano, njia za kuingia mizani.

7/ Kwa hivyo mheshimiwa akija na kilomita zake, muulize: gundi gani? Nani ameipima? Maji yatapita wapi? Ikiharibika mapema, nani atalipa? Akikosa jibu, wa kulipa ni wewe na mimi.