Pumu: Dawa Ifike Mapafuni

Kidonge kimoja cha salbutamoli kina miligramu 4 za dawa. Mpulizo mmoja wa inhela ya bluu, yenye dawa hiyohiyo, una maikrogramu 100, yaani kidonge kina dawa mara 40 ya ile ya mpulizo. Hata hivyo mpulizo ndio unaofungua kifua ndani ya dakika chache, ilhali kidonge huchukua karibu nusu saa. Dawa iliyomezwa hupita tumboni na kwenye ini, ikasambaa mwili mzima, na kidogo tu ndicho kinachofika kwenye mapafu. Inayobaki hutetemesha mikono na kuupeleka moyo mbio. Nasikitika kila ninapoona vidonge hivi vikitolewa kama dawa ya kwanza ya pumu.

Lakini inhela ya bluu pekee nayo haitoshi. Inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, kwa saa 4 hadi 6 hivi, basi. Pumu yenyewe ni uvimbe ulio ndani ya njia hizo, nao huwapo hata siku mgonjwa anapojisikia mzima. Kinachoutuliza ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi, na nafuu yake huja polepole, kwa siku na wiki. Wengi huiacha hapo: wameivuta leo, kesho hawaoni tofauti, wanarudi kwenye ile ya bluu. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, uliacha kupendekeza vijana na watu wazima watibiwe kwa salbutamoli peke yake. Ukishavuta steroidi, sukutua mdomo na uteme maji, fangasi wasiote ulimini.

Sasa mkono. Tikisa inhela, toa pumzi yote, bana mdomo wa kifaa kwa midomo, kisha bonyeza papo hapo unapoanza kuvuta taratibu. Shikilia pumzi hadi sekunde 10. Anayebonyeza mapema au kuvuta kwa pupa huipiga dawa kooni na kuimeza, akawa kama aliyekunywa kidonge.

Mtoto hawezi kuoanisha hayo yote. Anahitaji spesa, chombo kinachoishika dawa hewani wakati yeye anapumua. Spesa za dukani ni ghali, ila Heather Zar na wenzake mjini Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500 inafanya kazi hiyo vizuri. Kitako cha chupa hutobolewa kwa umbo la mdomo wa inhela, ikaingizwa ikakaza bila kuvujisha hewa, na mtoto akapumulia kwenye mdomo wa chupa. Mpulizo mmoja kwa wakati mmoja, apumue mara 5 au 6, ndipo upulize mwingine. Muuguzi yeyote anaweza kumfundisha mzazi kuitengeneza, na natamani kila zahanati ingekuwa nayo mezani.

Ukiandikiwa dawa ya presha au ya moyo, sema kwamba una pumu. Propranololi huziba vipokezi vilevile ambavyo salbutamoli huvitegemea, na inaweza kuleta shambulio ambalo inhela italituliza kwa shida. Mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au mtoto ambaye kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe hospitali mara moja, huku akiendelea kuvutishwa inhela ya bluu kwa spesa njiani.