Bambo Huingiaje Kwenye Gunia?

Lori la mahindi linapopiga honi langoni mwa kiwanda cha unga, karatasi mbili zinapaswa kuwa zimeshaandikwa kabla halijafika. Ya kwanza imo kwenye jalada, ofisini kwa msimamizi wa ubora. Inasema kwamba shehena yoyote ipimwe kabla ya kuingia ghalani, kwamba mtu wa maabara ndiye anayechukua sampuli, kwamba mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayapokelewi, na inamtaja mwenye mamlaka ya kulirudisha lori. Ya pili imebandikwa ukutani karibu na mizani, nayo inazungumza na mikono inayotumia bambo, kile chuma chenye uwazi cha kuchotea punje guniani: Shika bambo, uwazi wake ukitazama chini. Lichome kwenye gunia mpaka katikati. Ligeuze ili uwazi utazame juu. Lichomoe. Mimina punje kwenye ndoo safi.

Ile ya kwanza ni utaratibu wa utendaji, ambao viwandani wengi huuita SOP. Hii ya pili ni maelekezo ya kazi. Utaratibu hupita idara kwa idara: nini kifanyike, nani akifanye, lini, na mambo yakienda kombo aambiwe nani. Maelekezo hukaa mahali pamoja, kwenye mashine moja na mbele ya mtu mmoja, yakimwonyesha namna.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana ya makarani tu, mpaka mtu akumbuke kinachotafutwa ndani ya yale magunia. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua kwa sumukuvu iitwayo aflatoksini, iliyokuwa kwenye mahindi, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 balaa hilo lilifika Dodoma na Manyara, nchini Tanzania: wagonjwa 68, vifo 20. Mahindi mengi yaliyoleta maafa hayo yalitoka kwenye maghala ya nyumbani na masoko ya vijijini, wala si viwandani. Lakini kuvu ni yuleyule, na kiwanda kinanunua kwa wakulima walewale. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, na aina yake kali zaidi, B1, isizidi 5.

Ugumu ni kwamba sumu hii haisambai sawasawa. Gunia moja linaweza kuwa na punje chache zilizojaa sumu huku jirani yake likiwa salama kabisa. Ndiyo maana namna ya kuchukua sampuli ina uzito sawa na kipimo chenyewe cha maabara. Kanuni iliyozoeleka ni hii: magunia yakiwa 10 au pungufu, yote yachomwe, yakizidi 10 mpaka 100, yachaguliwe 10 bila upendeleo, yakizidi 100, idadi iwe kipeuo cha pili cha jumla. Shehena ya magunia 400 basi hutoa magunia 20.

Utaratibu unaweza kuishia kwenye kanuni hiyo. Lakini kijana anayeshika bambo saa kumi na mbili jioni, dereva akimhimiza na wapakuzi wakimsubiri, hatakokotoa kipeuo cha pili. Anahitaji jedwali: magunia 225, choma 15, magunia 400, choma 20. Anahitaji pia kuambiwa waziwazi kwamba magunia ya mlangoni mwa lori hayatoshi, achome mengine kadiri yanavyoshushwa, ya juu, ya kati na ya chini. Asipoambiwa, atachoma yale yanayofikika. Wala hilo si uvivu. Ameachiwa pengo na amelijaza kama mtu yeyote angelijaza.

Uingereza ilijifunza kwa uchungu uzito wa pengo la namna hiyo. Mwezi Aprili 1971, kiwanda kimoja cha dawa nchini humo kilipika chupa za maji ya sukari ya kutundikiwa wagonjwa kwenye tanuri la mvuke linaloua vijidudu. Hewa ilinaswa sehemu ya chini ya tanuri, mvuke ukashindwa kufika, na chupa za chini hazikupata joto la kutosha. Kifaa cha kurekodi joto hakikuonyesha joto likipanda inavyotakiwa. Kipimajoto kingine kilionyesha mambo ni shwari, nacho ndicho kilichoaminiwa. Chupa zikatoka. Mapema mwaka 1972 zilitundikiwa wagonjwa katika hospitali ya Devonport, mjini Plymouth, na baadhi yao wakafariki. Tume ya uchunguzi iliongozwa na mwanasheria Cecil Clothier.

Hapo ndipo utaratibu na maelekezo hupaswa kushikana mikono. Utaratibu unasema chupa zipikwe kwa joto fulani kwa muda fulani, na nani aruhusu zitoke. Fundi aliyesimama mbele ya vipimo viwili vinavyopingana anahitaji sentensi fupi zaidi: Kimojawapo kisipopanda, zima. Usitoe chupa. Mwite msimamizi.

Wamarekani walikuwa wamelikaribia jambo hili wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vilipojaa watu ambao hawakuwahi kugusa mashine. Mpango wao wa mafunzo, TWI, uliwafundisha wasimamizi kuigawa kila kazi katika hatua kuu, kisha kuandika kando ya kila hatua lile jambo dogo linaloifanya ifaulu au iharibike. Mbinu hiyo ilivuka hadi Japani baada ya vita na kuacha alama katika kampuni kama Toyota. Yeyote aliyefundishwa kusonga ugali na bibi yake anajua jambo dogo hilo ni lipi. Bibi hakusema tu “weka unga”, alisema maji yawe yamechemka kiasi gani.

Kwa upande wa makaratasi, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ISO 9001, kilitoka mwaka 1987. Toleo la 2000 lilidai taratibu sita tu zilizoandikwa. La 2015 likaacha hata hesabu hiyo, likamwachia kila mwenye kiwanda aamue anahitaji hati zipi. Uhuru huo ni mzuri, ila umewafanya wengine wabaki na SOP nene ya kumwonyesha mkaguzi, huku ukuta wa mizani ukiwa mtupu.

Halafu kuna lugha. Miongozo ya dawa ya Ulaya inataka maelekezo yaandikwe kwa kauli ya kuamuru, na Kiswahili kinaiweza kauli hiyo vizuri sana: funga, geuza, pima, andika. Bado viwanda vingi vya Afrika Mashariki huandika hati zao kwa Kiingereza, au huzitafsiri kwa sentensi za kutendwa: “sampuli zitachukuliwa.” Zitachukuliwa na nani? Maelekezo bora huandikwa pale pale mashineni, fundi akitenda na mwandishi akiandika, kisha hupewa mtu mgeni ajaribu kuyafuata bila kuuliza. Anapokwama, sentensi iliyomkwamisha iandikwe upya.

Kiwanda kikinunua kipimaunyevu kipya, utaratibu hauguswi: asilimia 13.5 inabaki vilevile. Maelekezo yanabadilika siku hiyohiyo, kwa sababu kitufe kimehamia upande mwingine, na karatasi ya zamani inabanduliwa ukutani kabla zamu ya usiku haijaingia.