Wema wenye udongo mikononi

Atokaye Sumbawanga kwenda Tunduma hupita Mpui, kwenye uwanda wa juu wenye baridi na miti michache. Mvua zikikaribia kukatika, mtu huweza kudhani mashamba yameota vichuguu. Ni matuta ya mviringo, intumba kwa Kifipa. Mkulima hufukia nyasi kwa udongo, akapanda maharage juu yake. Msimu ujao tuta husambazwa, mboji ikaenea shambani, ukapandwa ulezi. Wabemba, ng'ambo ya mpaka, walichoma matawi wapate majivu. Mfipa hakuwa na msitu wa kuchezea.

Mskoti Joseph Thomson alipopita Ufipa mwaka 1880, aliona hajakutana na watu walioshikamana na kilimo kama hawa.

Je, bidii hiyo na amani iliyokwenda nayo walizaliwa nazo? La hasha. Wangoni walikwisha kufika huko wakiwa na silaha, na kiongozi wao Zwangendaba akafia Ufipa miaka ya 1840. Nkansi na Lyangalile, falme mbili za Wafipa, nazo zilikuwa mahasimu. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alieleza kwamba amani hiyo ilijengwa katika karne ya 19, na watu wakapimana kwa bidii, ukarimu na ulimi uliotulia.

Mwanafalsafa Aristotle aliyaona hayo kwa mbali: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Angeyapenda matuta ya Mpui, ingawa katika mji aliouwazia kuwa bora, mkulima hakustahili hata kuwa raia!

Lakini wema unaotazamwa na kijiji kizima una uzito wake. Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Mwaka 1968 Willis aliandika kuhusu Kamchape, vuguvugu la kusaka wachawi lililopita vijijini. Haishangazi. Mahali ambapo kugombana hadharani ni aibu, kinyongo hakifi. Hujificha, na mavuno ya mmoja yakizidi, minong'ono huanza.

Pengine ndiyo sababu kulima kulikuwa kazi ya kualikana. Mwenye shamba alipika pombe ya ulezi, majirani wakaja na majembe. Aliyekuwa na neno moyoni juu ya mwenzake alijikuta ameinama ubavuni pake tangu asubuhi, na jioni wote wawili wakasubiri zamu kwenye chungu kilekile.