Magita Mawili, Jukwaa Moja

Wahenga walinena kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika bendi hukaa, mradi kila mmoja ayajue malisho yake.

Wapenzi wa dansi wa Ipogolo na Iringa nzima wataikumbuka Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kiwanda cha kuchonga almasi iliyovuma miaka ya 1980. Katika bendi za namna hiyo gita la solo hupamba, la ridhimu hushikilia wimbo. Yakigombea sauti za kimo kimoja, huyu hupandisha, yule naye hupandisha, na maneno ya mwimbaji hupotea.

Kupandisha si dawa. Ili sikio lihisi sauti imekuwa maradufu, nguvu ya umeme hudai kuongezwa takriban mara kumi. Dawa ni kugawana nafasi: solo icheze juu, ridhimu chini yake, bila kulifunika besi. Anzeni kupima kwa sauti ya mwimbaji, na mmoja wenu asikilize kutoka katikati ya ukumbi. Watu wakijaa, miili yao hunyonya sauti. Ongezeni kidogo, wote pamoja. Solo ipande zamu yake ifikapo, kisha ishuke.

Mpiga gita hodari hujulikana pia kwa nafasi anayomwachia mwenzake.