Ndoa Ifungwe Wapi? Mahali pa Harusi na Safari ya Kuhamia Ughaibuni

Wachumba ambao mmoja wao yuko Afrika Mashariki na mwingine ana uraia au ukazi wa nchi ya mbali hulazimika kuamua jambo ambalo wachumba wa mji mmoja hawalifikirii, nalo ni nchi gani ifungiwe ndoa yao. Mara nyingi uamuzi huo hufanywa kwa kupima nauli, gharama za ukumbi na idadi ya ndugu watakaoweza kuhudhuria, ilhali kwa upande wa sheria za uhamiaji mahali na tarehe ya ndoa ndivyo vinavyoamua aina ya viza itakayoombwa, ada zitakazolipwa na, zaidi ya yote, hadhi ya kisheria atakayokuwa nayo mhamiaji siku anapotua uwanja wa ndege. Ukumbi unaweza kubadilishwa wiki moja kabla ya sherehe, lakini ndoa iliyofungwa mahali pasipofaa kwa safari iliyokusudiwa huweza kuwatenganisha wenzi kwa muda mrefu.

Msingi wa mambo yote haya ni kanuni ambayo wanasheria huiita sheria ya mahali pa kufungia ndoa, yaani kwamba ndoa iliyofuata taratibu za nchi ilikofungwa huhesabiwa kuwa halali hata katika nchi nyingine, na iliyokuwa batili ilikofungwa hubaki batili kokote iendako. Uingereza, Marekani na Kanada huianza kazi kwa kanuni hiyo, kisha kila moja huongeza masharti yake. Kwa Tanzania Bara taratibu zenyewe zimo katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo huzitambua ndoa za kidini, za kiserikali na za kimila na kutaka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, wakati Kenya ilizikusanya sheria zake zilizokuwa zimetawanyika katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, inayotaja ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na Zanzibar ina sheria zake pamoja na Mahakama za Kadhi.

Matokeo ya kanuni hiyo huwashangaza wengi. Nikaha iliyosomwa Tanga au Mombasa na mfungishaji mwenye leseni, ikasajiliwa serikalini, ni ndoa kamili mbele ya ofisa wa uhamiaji wa Uingereza, lakini nikaha hiyohiyo, yenye khutba, walii na mashahidi walewale, ikisomwa katika mkahawa wa London bila wahusika kupita kwa msajili, haizai ndoa yoyote katika sheria ya Uingereza. Mahakama ya Rufani ya huko iliamua hivyo mwaka 2020 katika shauri la Akhter na Khan, watu waliosomewa nikaha mwaka 1998, wakaishi pamoja na kupata watoto wanne, lakini hawakufunga ndoa ya kiserikali. Anayetaka kuoa au kuolewa Uingereza na Wales lazima atoe notisi kwa msajili na kungoja siku 28, na pale ambapo mmoja wa wachumba ni mgeni asiye na hadhi ya kudumu, ofisi ya uhamiaji inaweza kuurefusha muda huo hadi siku 70 ili ichunguze kama ndoa hiyo ni ya kweli.

Suala la wake wengi nalo lina uzito wake. Sheria ya Tanzania Bara huichukulia ndoa iliyofungwa Kiislamu au kimila kuwa ni ya wake wengi, au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo, na maneno hayo huwatia hofu wanaopeleka maombi Ulaya. Hofu hiyo imezidi kiasi, kwa sababu sheria ya Uingereza ya mwaka 1995 ilieleza kwamba ndoa ya namna hiyo iliyofungwa nje haiwi batili kwa sababu tu mume angeweza kuongeza mke, mradi wakati wa kufunga hakuna kati yao aliyekuwa tayari katika ndoa nyingine. Mke wa pili, hata hivyo, kwa kawaida hapati viza ya mke Marekani wala Uingereza, ijapokuwa ndoa yake ni halali kabisa Dodoma au Malindi.

Baada ya hayo huja swali ambalo ndilo kiini cha mpango wote: kusafiri kama mchumba au kusafiri kama mke au mume. Marekani iliianzisha viza ya mchumba, inayojulikana kwa alama ya K-1, mwaka 1970, wakati wa vita vya Vietnam. Viza hiyo huombwa na raia pekee, kwani mwenye kibali cha ukazi wa kudumu, ile inayoitwa grini kadi, hana haki ya kumwombea mchumba. Wachumba wanatakiwa wawe wameonana ana kwa ana ndani ya miaka miwili kabla ya ombi, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika, na mgeni akishaingia ana siku 90 za kufunga ndoa na mtu yuleyule aliyemwombea. Wasipofunga, mgeni hutakiwa kuondoka, wala hawezi kubaki kwa kuoa au kuolewa na mwingine. Wakifunga, hufuata ombi la kubadilisha hadhi, ambalo kwa viwango vilivyoanza Aprili 1, 2024 hugharimu dola 1,440 juu ya dola 675 za ombi la kwanza, na katika kipindi hicho mhamiaji haruhusiwi kufanya kazi mpaka apate kibali chake, na akitoka nchini bila ruhusa maalumu huhesabiwa kuwa ameliacha ombi.

Aliyefunga ndoa nyumbani kwanza hupita mlango mwingine. Mwenzi wake aliye raia hupeleka ombi la mke au mume, mahojiano hufanyika ubalozini, na siku anapoingia Marekani tayari ni mkazi wa kudumu anayeweza kuajiriwa kesho yake. Kama siku hiyo ndoa haijatimiza miaka miwili, ukazi wake huwa wa masharti kwa miaka miwili, na kabla muda huo haujaisha wenzi hutakiwa kuomba pamoja masharti yaondolewe, ingawa sheria humruhusu aliyeteswa au kutalikiwa kuomba peke yake. Kama ndoa imeshapita miaka miwili, ukazi huwa hauna masharti tangu mwanzo. Ikumbukwe pia kwamba amri za rais za mwaka 2025 ziliwawekea vikwazo raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo, kwa hiyo hali ya nchi iliyotoa pasipoti ichunguzwe kabla ya hesabu nyingine yoyote.

Kwa Uingereza hesabu huelekea upande huohuo. Viza ya mchumba hudumu miezi 6, hairuhusu kazi, na ikishafungwa ndoa mhamiaji huomba tena akiwa ndani ya nchi na kulipa ada nyingine, wakati viza ya mke au mume iliyoombwa kutoka nje hudumu miezi 33 na kuruhusu kazi tangu siku ya kwanza. Sharti la kipato ni lilelile kwa wote wawili: tangu Aprili 11, 2024 mwenyeji anayeanza njia hii hutakiwa kuonyesha pauni 29,000 kwa mwaka, badala ya 18,600 za awali, na mwombaji wa viza ya mwenzi hulipa pia mchango wa huduma za afya wa pauni 1,035 kwa kila mwaka. Ipo viza nyingine inayowapotosha wengi, ile ya mgeni anayekwenda kufunga ndoa tu. Mwenye viza hiyo hufunga ndoa halali, lakini lazima aondoke ndani ya miezi 6 na hawezi kuibadilisha akiwa kule, hata awe na mke Muingereza na mtoto njiani. Kanada, kwa upande wake, haina kabisa viza ya mchumba.

Ujerumani huyaongeza mambo kwa njia yake, kwani ofisi ya usajili wa ndoa humtaka mgeni alete cheti cha kuthibitisha kwamba hana kizuizi cha ndoa au apate msamaha wa mahakama ya juu, na ndiyo sababu wachumba wengi huvuka mpaka kwenda kufunga ndoa Denmark, ambako nyaraka zinazodaiwa ni chache. Ndoa hiyo hutambuliwa Ujerumani, lakini peke yake haimpi mtu haki ya kubaki, wala haimwondolei mtihani wa Kijerumani cha ngazi ya A1 unaodaiwa wenzi wengi wanaoomba viza.

Mtego mkubwa zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki hutokana na desturi zao zenyewe. Mwombaji wa viza ya mchumba lazima awe bado hajaoa wala kuolewa, lakini posa, mahari, kicheni pati, sendofu na nikaha mara nyingi hufuatana kwa karibu, na ndugu huzisambaza picha za sherehe hizo katika simu siku hiyohiyo. Ofisa wa ubalozi anayemwona bibi harusi ndani ya gauni jeupe akilishwa keki, mahari ikiwa imeshapokelewa na wazee kusomewa dua, ana sababu ya kuamini kwamba ndoa imeshafungwa, na ombi la mchumba hukataliwa. Wenzi hao wakigeuka na kuomba kama mke na mume, huambiwa walete cheti, nacho hakipo, kwa sababu nikaha ile au ndoa ile ya kimila haikusajiliwa popote. Huko ndiko kukosa huku na kukosa kule, na hutokea kwa watu wasio na hila yoyote.

Kuwapo kwa wenzi wote wawili mahali pa ndoa ni jambo jingine linalostahili kuangaliwa kwa makini. Katika miji ya pwani ni kawaida bwana harusi na wanaume kukaa msikitini, walii akaozesha, huku bibi harusi yuko nyumbani kwao amezungukwa na somo na shangazi zake, na sherehe ya namna hiyo haina kasoro katika fikihi. Kanada, hata hivyo, tangu Juni 11, 2015 haizitambui kwa ajili ya uhamiaji ndoa ambazo mmoja wa wenzi hakuwapo kimwili, iwe kwa wakala, kwa simu au kwa intaneti, na Marekani huzikubali pale tu wenzi wanapokuwa wamekutana kimwili kama mke na mume baada ya ndoa. Ndivyo zinavyotazamwa hata ndoa za mtandaoni ambazo kaunti ya Utah, huko Marekani, ilianza kuzifungisha mwaka 2020. Hakuna kinachozuia nikaha kusomwa nyumbani, bibi harusi akiwa chumbani humohumo na kutia saini mbele ya mashahidi, na familia inayojua kwamba binti anakwenda Toronto ifanye hivyo bila kusita.

Wapo pia wanaopaswa kuuliza tarehe kabla ya kuuliza mahali. Kijana aliyeombewa Marekani na mzazi mwenye grini kadi hupoteza ombi hilo siku anapooa, kwa kuwa hakuna kundi la watoto walio katika ndoa kwa wazazi wasio raia. Mkimbizi wa Kongo au Burundi aliyepewa makazi Marekani anaweza kumwita mwenzi wake kwa njia nyepesi ya wakimbizi ikiwa tu ndoa ilikuwapo kabla hajaingia, na anayeoa baadaye, akiogopa kurudi katika nchi aliyoikimbia kwa sababu safari hiyo inaweza kutilia shaka ukimbizi wake, mara nyingi huona ni salama zaidi kufungia ndoa Uganda au Kenya.

Ndoa ya zamani ambayo haikuvunjwa ipasavyo huharibu mipango yote. Kwa Tanzania Bara talaka iliyotamkwa mbele ya shehe au kikao cha ukoo haitoshi kisheria, kwa maana shauri hupitia baraza la usuluhishi wa ndoa na kisha mahakama, na mpaka mahakama iamue mtu huyo bado ni mke au mume wa mwenzake wa kwanza, jambo ambalo huifanya ndoa yake mpya kuwa na shaka popote itakapofungwa. Hili lishughulikiwe kabla hata ya posa.

Kwa wachumba wengi wa Afrika Mashariki, basi, ndoa iliyofungwa nyumbani, ikasajiliwa na ndipo viza ya mwenzi ikaombwa, ni bora kuliko safari ya uchumba, hata kama wenzi watatengana kwa muda mrefu kidogo. Sababu kuu si fedha peke yake. Anayefika ughaibuni akiwa mchumba, na wengi wao ni wanawake, hukaa kwa miezi bila ruhusa ya kazi katika nyumba ya mtu ambaye ndiye pekee aliye na ufunguo wa hadhi yake, na mwenyeji akibadilika tabia, mhamiaji huyo ana nafasi finyu sana ya kujitetea. Anayefika akiwa mke hufika na haki mkononi, na wazazi wake walishuhudia ndoa yake. Njia ya uchumba ibaki kwa wale ambao nyumbani hawawezi kukutana kwa usalama.

Mashehe, wachungaji, mapadri na wasajili wana wajibu mkubwa katika jambo hili kuliko wanavyodhani. Majina katika cheti yaandikwe kama yalivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi. Hali ya ndoa ya kila mmoja kabla ya siku hiyo ijazwe kwa ukweli. Na nakala ifikishwe kwa msajili, ambaye kwa Tanzania Bara ni RITA, wakala wa serikali wa usajili, na kwa Kenya ni Msajili wa Ndoa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, pasipo kungoja wenzi waje kuikumbusha miaka mitatu baadaye. Wachumba nao wamwone mwanasheria wa uhamiaji wa nchi wanayokwenda kabla mahari haijapelekwa.