Kapolowe: kijiji kilichopata ziwa kwa ajili ya shaba

Kapolowe iko katika eneo la Kambove, jimbo la Haut-Katanga, kusini-mashariki ya mji wa Likasi. Msafiri anayetoka Lubumbashi kwenda Likasi, kwa gari au kwa treni, hukutana kwanza na Kapolowe-Gare, yaani Kapolowe ya stesheni. Kapolowe-Misheni iko ndani zaidi, upande wa maji. Majina hayo mawili peke yake ni nusu ya historia ya mahali hapa, kwani moja limeletwa na reli na jingine na watawa.

Nchi yenyewe ni tambarare ya juu, kiasi cha mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, yenye misitu ya miombo na vichuguu vinavyompita mtu kimo mara mbili au tatu. Mvua huanza kushika kasi mwezi Novemba na kukatika karibu na Aprili. Baada ya hapo majani hukauka, moto hupita porini, na usiku wa Juni na Julai huwa na baridi ambayo mgeni hakuitarajia katika Kongo. Mashariki hujitokeza uwanda wa Kundelungu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Huko ndiko maporomoko ya Lofoi yanakoanguka zaidi ya mita 300. Katikati ya yote hayo hupita mto Lufira, ukielekea kaskazini kuungana na Lualaba.

Wenyeji wa nchi hii ni Wasanga. Muda mrefu kabla ya Mzungu kufika, watu wa Katanga waliyeyusha shaba na kuimimina katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilisafiri mbali kama mali ya biashara. Chumvi nayo ilichotwa kando ya Lufira, hasa Mwashya. Shaba na chumvi ndizo zilizomvuta Msiri, mfanyabiashara kutoka Unyamwezi katika Tanzania ya leo, aliyejijengea ufalme wenye makao yake Bunkeya. Wasanga walimwasi mwaka 1891, na Desemba ya mwaka huohuo Msiri aliuawa na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, sasa Lubumbashi, mwaka 1910, ikafika Kambove mwaka 1913. Mwaka 1910 pia waliingia Katanga Wabenediktini wa abasia ya Saint-André ya Bruges, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Misheni yao ya Kapolowe ilikuja na kanisa, shule na matibabu, na hospitali ya Kapolowe imebaki kuwa tegemeo la vijiji vingi vya jirani.

Lakini hakuna kilichoigeuza sura ya nchi kama umeme. Kampuni ya Union Minière ilihitaji nguvu nyingi kwa ajili ya kiwanda cha Shituru, Likasi, ambako shaba husafishwa kwa umeme. Ikauziba mto Lufira kwenye maporomoko ya Mwadingusha, ambayo wakati huo yaliitwa Cornet kwa jina la mwanajiolojia wa Kibelgiji aliyepita huko miaka ya 1890. Mtambo ulianza kazi mwaka 1930, na wa pili, wa Koni, ukafuata chini yake mwaka 1950. Nyuma ya bwawa maji yakarudi, yakaifunika tambarare, likazaliwa ziwa Tshangalele, la kilomita za mraba 400 hivi.

Ni ziwa pana lisilo na kina, kwa kuwa lilimwagika juu ya ardhi bapa. Kiangazi huupeleka ufuko mbali na masika huurudisha. Pembeni huota mafunjo, na ndani yake hujenga ndege mmoja wa jamii ya kwera, Ploceus ruweti, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 1982 na ambaye makao yake ni bonde hili la Lufira. UNESCO ilitambua hifadhi ya baiyosifia ya Lufira mwaka huohuo wa 1982, na mwaka 2017 bonde likaingia katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Kwa watu wa Kapolowe, ziwa kwanza ni samaki. Wavuvi hutoka na mitumbwi, na perege na kambale hushuka wabichi, wakavu au wa kubanikwa, wakauzwa kando ya barabara. Samaki wa Kapolowe huliwa kwa bukari, yaani ugali, katika nyumba za Likasi na Lubumbashi, na pale Kapolowe-Gare gari hupunguza mwendo hata kama dereva hana haja ya kununua.

Barabara hiyo imewahi kupitisha mengine. Septemba 1961 wanajeshi wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizingirwa na askari wa Katanga, iliyokuwa imejitenga na Kongo, huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wenzao waliotumwa kuwaokoa wakashindwa kulivuka daraja la Lufira. Januari 1963 askari wa India waliuvuka mto huohuo, na utengano wa Katanga ukaisha mwezi huo.

Maji yanayoleta samaki huleta pia taka za viwanda vya Likasi. Mito midogo ya Panda na Buluo huingia Lufira, na Lufira huingia ziwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 juu ya Lufira ya juu ulikuta shaba, kobalti na metali nyingine katika mnyororo wa chakula wa maji hayo. Ziwa lililotengenezwa kwa ajili ya shaba limekuwa pia jalala lake.

Mitambo ya Mwadingusha imekarabatiwa, na tangu 2021 inatoa megawati 78 hivi. Ukarabati huo uligharamiwa ili kupata umeme wa mgodi mpya wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi.