Mume Hayumo Kwenye Mradi

Kwa zaidi ya miaka ishirini, miradi mingi ya kusaidia wanawake waliotendewa jeuri huko Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, imepangwa kwa kumfikiria mtu mmoja: mwenye bunduki anayevizia njia ya shambani. Mtu huyo yupo, na watu wa Muheto, eneo la Masisi, hawahitaji kuelezwa. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wanawake wa Kongo walioolewa, au waliowahi kuolewa, wamepigwa, wametukanwa au wamelazimishwa kitandani na mume wao.

Mama aliyepigwa na mumewe akifika kituo cha afya hasemi amepigwa. Anasema ameteleza mtoni. Kovu la zamani liko karibu na jeraha jipya, mume anamjibia kila swali, na pesa za maharagwe aliyolima mwenyewe hajazishika. Muuguzi makini humwomba mume asubiri nje, kisha huuliza taratibu. Kama mama alilazimishwa na kuna hofu ya VVU, dawa za kinga lazima zianze ndani ya saa 72. Hospitali ya Masisi, ambayo Madaktari Wasio na Mipaka wanaiunga mkono tangu 2007, inatoa huduma hiyo. Ila kuifikia ni kutembea kwenye matope na kupita vizuizi vya wenye silaha, mtoto akiwa mgongoni.

Sheria ya Julai 2006 iliadhibu ubakaji vikali, lakini haikutaja ubakaji ndani ya ndoa. Sheria ya Familia ilirekebishwa mwaka 2016, mke asihitaji tena ruhusa ya mume ili afanye kazi. Hata hivyo mume alibaki kichwa cha nyumba. Kwa hiyo kesi ya kipigo hurudi kwa wazee wa familia mbili. Mbuzi analipwa, mama anarudishwa kwa mume.

Mradi mmoja ulithubutu kumkabili mume mwenyewe. Shirika la International Rescue Committee liliwakusanya wanaume wa Kivu Kaskazini na Kusini kwa wiki 16, wazungumze juu ya hasira, mamlaka na kazi za nyumbani. Watafiti walilinganisha vijiji vyao na vingine, na matokeo yakachapishwa 2020. Wanaume walikuwa wamebadilika fikra, wakasaidia zaidi nyumbani, na wake wakasema wanaelewana vizuri zaidi. Lakini wake hao hao walipoulizwa juu ya jeuri yenyewe, haikuonekana kupungua kuliko kwingine. Naheshimu sana watafiti hao kwa kuwauliza wanawake na kutangaza jibu lisilopendeza. Ripoti nyingi huishia kwenye idadi ya waliohudhuria.

Januari 2025 waasi wa M23 waliteka mji wa Masisi, kisha Goma. Mwezi huo huo Marekani ilisimamisha misaada yake, na dawa za saa 72 zikapungua Kivu. Lakini hata kabla ya hapo bajeti za miradi zilijaa semina, huku mahali pa mama kulala usiku wa kwanza pakikosekana. Mara nyingi hulala kwa dada yake, au kwa mama wa kanisani, ambaye kesho yake hana unga wa kuwatosha wote. Fungu la kwanza la kila mradi lingepaswa kuanzia kwa mwenyeji huyo: unga, godoro, na nauli ya kwenda hospitali kabla saa hazijaisha.